Wazee wa ukanda wa dhahabu: Kadi ya msamaha ipo, dawa je?

MZEE anayefika katika hospitali ya serikali mkoani Shinyanga au Geita hukutana kwanza na habari njema. Wagonjwa wengine hutakiwa kumpisha, na akionyesha kitambulisho cha matibabu bure daktari humwona bila malipo. Habari mbaya humngoja kwenye dirisha la dawa. Mara nyingi huko huelezwa kuwa dawa yake ya shinikizo la damu au kisukari imekwisha, aende akanunue nje.

Hapo ndipo msamaha unapokoma. Duka la dawa halitambui kitambulisho cha mzee. Linatambua fedha taslimu.

Msamaha huo una historia ndefu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo ikasisitiza kuwa wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee zaidi ya milioni 2.5, sawa na asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Ahadi ilikuwa kubwa, ila haikuambatana na fedha.

Kituo cha afya hununua dawa kutoka Bohari ya Dawa (MSD) kwa ruzuku ya serikali pamoja na makusanyo yake yenyewe. Kila kidonge anachopewa mwenye msamaha hakirudishi senti katika akaunti ya kituo. Mwenye bima ni tofauti, kwa kuwa kituo hupeleka madai na kulipwa. Kwa hiyo kadi hizo mbili, ingawa zinafanana mkononi, hazina uzito mmoja mbele ya mfamasia.

Je, mzee anaweza kumudu bima? Tuanze na waliobahatika. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, na anapostaafu huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Mwalimu mstaafu wa Kahama anayo kinga hiyo. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa, aliyetumia ujana wake mashimoni, hanayo, kwa sababu hakuwahi kuwa na mwajiri wa kumchangia. Hata aliyeajiriwa na kampuni, ikiwa alikuwa na bima binafsi iliyolipiwa na mwajiri, kadi hiyo huisha pamoja na kazi. Mgodi wa Buzwagi uliposimamisha uzalishaji mwaka 2021, Kahama ilikumbushwa kuwa dhahabu ina mwisho wake.

Kwa walio nje ya ajira rasmi, NHIF ilizindua vifurushi vya hiari Novemba 2019. Cha chini kabisa kilianzia Sh192,000 kwa mwaka kwa kijana, yaani Sh16,000 kwa mwezi, na bei ilipanda kadiri umri ulivyopanda. Kibiashara hilo lina mantiki, kwa kuwa mzee huugua zaidi. Kijamii lina maana kwamba anayehitaji dawa zaidi, na mwenye kipato kidogo zaidi, ndiye aliyetakiwa kulipa zaidi.

Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa mwaka 2018 ulikuwa nafuu. Kaya ya watu sita ilichangia Sh30,000 kwa mwaka, wastani wa Sh2,500 kwa mwezi, na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Tatizo lilikuwa kwamba unafuu wa bei uliendana na ufinyu wa huduma. Aliyehitaji dawa za kibingwa kutoka Bugando, Mwanza, alirudi kutegemea mfuko wa mwanawe.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kuziba pengo hilo. Muswada wake ulipojadiliwa mwaka 2022, viwango vilivyotajwa vilikuwa Sh340,000 kwa kaya ya watu sita na Sh84,000 kwa mtu mmoja, na vilizua malalamiko mengi. Jambo la msingi katika sheria hiyo ni mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, unaotegemea vyanzo kama kodi za vileo na michezo ya kubahatisha. Iwapo wazee maskini watalipiwa humo, msamaha utageuka kuwa bima yenye fedha nyuma yake.

Hata hivyo, halmashauri za ukanda huu hazina sababu ya kusubiri Dodoma. Migodi hulipa ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mauzo. Aidha, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee hatajwi katika mgawo huo, wala hahitaji mkopo. Anahitaji mchango wake wa bima ulipwe. Kwa kiwango cha Sh30,000, kulipia kaya 1,000 za wazee kungegharimu Sh30 milioni kwa mwaka, kiasi kisichoweza kuitikisa halmashauri yenye mgodi mkubwa.

Familia nazo zina wajibu. Watoto wanaotaka kumkatia mzazi bima wajiulize maswali matatu kabla ya kutazama bei: Je, kituo kilicho karibu naye kinapokea kadi hiyo? Je, dawa anazomeza kila siku zimo katika orodha? Na zikikosekana kituoni, atazipata wapi bila kulipa? Bei za NHIF zilipobadilishwa Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake kwa siku kadhaa, na wenye kadi halali wakarudishwa mlangoni. Kadi pekee si kinga.

Ni kwenye dirisha la dawa, basi, ambako sera za wazee zinapaswa kupimwa. Shinikizo la damu halisubiri bajeti ijayo, na anayekosa vidonge leo anaweza kurudishwa kesho akiwa amepooza, kwa gharama kubwa kuliko ile iliyokwepwa.