Tuiangaze Miti, Lakini kwa Majina Yake

Wapo wasomi wenzangu wanaoshikilia kwamba sanaa ya kidijitali haina nafasi katika bustani ya mimea. Mti, wasema, ni mti. Anayetaka kuuona na aende mchana akasimame chini yake. Siungi mkono kauli hiyo. Hata hivyo, ninayo shaka nyingine juu ya sanaa hii, na shaka yenyewe ni ya kiisimu.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajakutana na jambo hili, nieleze kidogo. Mnamo mwaka wa 2022, kikundi cha wasanii kiitwacho teamLab kilifungua maonyesho ya usiku ndani ya Bustani ya Mimea ya Nagai, jijini Osaka, Japani. Giza liingiapo, taa hubadilika rangi na sauti husikika kwa kufuata upepo na nyendo za watu wapitao. Mtazamaji hasimami mbele ya picha, bali yumo ndani yake. Huko Uingereza nako, katika bustani ya Kew, kikundi cha Marshmallow Laser Feast mwaka wa 2025 kilionyesha kwenye kiwambo kikubwa uhai wa ndani wa mwaloni mmoja wa pale, yaani yale yapitayo mizizini na shinani ambayo jicho haliwezi kuyaona. Ubaya siuoni hapo.

Sasa tuilete sanaa hiyo nyumbani. Chuo Kikuu cha Egerton kina bustani yake ya mimea huko Njoro, nayo Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, haina upungufu wa vijana wanaoijua kompyuta. Taa hizo zikiwashwa huku kwetu Bonde la Ufa, je, mtoto atakayesimama chini ya mti unaong'aa ataambiwa ni mti gani, na kwa lugha ipi?

Chukua mti mmoja tu, ule wa gome la manjano unaomea kandokando ya Ziwa Nakuru. Wamaasai huuita olerai. Wakikuyu huuita murera. Mwanafunzi wa isimu akiyaweka maneno haya bega kwa bega na kuviondoa viambishi, ataona mashina yamekaribiana kiasi cha kumfanya ashuku ukopaji. Nani alimkopa nani? Hapo pana tasnifu nzima. Katika Kiswahili ni mgunga, jina ambalo mti huu unashirikiana na ndugu zake wengi. Na jina la kisayansi, lile tulilofundishwa kwamba halitikisiki? Tangu zamani lilikuwa Acacia xanthophloea, hadi wataalamu wa mimea walipokutana Vienna mwaka wa 2005 na kuiachia miti ya Australia jina Acacia. Leo mti wetu ni Vachellia xanthophloea. Olerai amebaki olerai.

Au tutazame senetwet, kichaka chenye maua ya manjano ambacho Wakalenjin huchoma vijiti vyake na kusugua makaa yake ndani ya kibuyu cha mursik. Kompyuta yaweza kulikuza ua hilo likawa kubwa kama nyumba. Lakini alijuaye neno senetwet hulijua pamoja na kibuyu, maziwa na mkono wa nyanyake. Aliyeonyeshwa ua peke yake ameonyeshwa rangi.

Hata jina Nakuru, kama linavyoelezwa kwa kawaida, latokana na Kimaa na lahusu vumbi. Wakazi walioshuhudia ziwa likikaribia kukauka katikati ya miaka ya 1990 hawakuhitaji mwalimu wa kuwafafanulia jina hilo. Kisha, tangu mwaka wa 2010 hivi, maji yakapanda. Ziwa lililokuwa na takriban kilomita mraba 40 lilipita 60 kufikia 2020. Migunga ikafia ndani ya maji ikiwa imesimama wima, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko, kwa kuwa mwani wanaokula hustawi katika maji ya magadi yasiyozimuliwa. (Wanafunzi wetu huandika flamingo, neno heroe limo kamusini likiwasubiri.) Msanii atakayetuonyesha heroe kwa malaki pasipo kuuliza maana ya jina la mahali atakuwa ametutengenezea kadi ya posta ya watalii.

Gharama ya umeme na usumbufu kwa popo na wadudu wa usiku nawaachia wanaoyajua hayo. Langu ni hili: sanaa ya aina hii ina sauti, nasi tuna haja kubwa ya sauti. Kimaa, Kikalenjin na Kikuyu ni lugha za toni, na tahajia zao za kawaida haziandiki toni hiyo. Kibao kilichopigiliwa misumari mtini hakiwezi kumfundisha mgeni kutamka jina lake. Mashine inayohisi mtu akikaribia yaweza. Badala ya muziki wa kubembeleza, na asikie mzee akiutaja mti kwa lugha yake, kisha aeleze kwa Kiswahili unatumiwaje. Waogiek wa Mau, ambao Mahakama ya Afrika iliutambua uhusiano wao na msitu huo katika hukumu ya Mei 2017, wawe miongoni mwa watakaorekodiwa kwanza, kwa idhini yao na kwa malipo.

Walimu hawana sababu ya kuzingojea taa. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, umezipa lugha za mazingira ya shule nafasi katika madarasa ya chini. Darasa moja likiwa na daftari na simu ya mwalimu laweza kukusanya majina ya miti yote iliyo kati ya shule na mto, kutoka vinywani mwa wanaoyajua. Wengi wa hao wamekwisha kupita miaka sabini.