Dogo, Usishuke Kitonga Bila Breki: Soma Mkataba Kabla Hujasaini



Leo sitaongelea tume ya uchaguzi wala bei ya mbolea. Naongelea muziki. Najua kuna kamanda atasema, "Sasa huyu naye, tuko kwenye mapambano yeye analeta habari za Bongo Fleva." Vumilia kidogo, nitafika kwenye siasa. Kwanza nikueleze kilichonikuta wiki hii.

Jumatatu usiku, dogo mmoja wa Isanga ninayemjua tangu anasoma shule ya msingi alinitumia faili kwa WhatsApp. Kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Chini yake ameandika: "Kaka, lebo ya Dar wamenikubali. Wanataka nisaini Ijumaa. Nisomee, ila nimeshawaambia ndiyo."

Nimeusoma mara tatu. Miaka mitano, na lebo peke yake ndiyo yenye haki ya kuongeza miwili. Nyimbo zote ni mali ya lebo, hadi zile alizoandika akiwa hajawajua. Mapato yakiingia, gharama zinakatwa kwanza, kisha yeye anapata asilimia 30. Akitaka kupanda jukwaa lolote, iwe harusi au mkutano wa hadhara, aombe ruhusa kwa maandishi. Akitaka kuondoka, arudishe gharama zote pamoja na fidia ambayo lebo itaipanga. Nikatafuta upande wa pili: lebo inaahidi kufanya nini? Nyimbo ngapi kwa mwaka? Video ngapi? Nikakuta maneno yanayosema lebo itafanya "kadiri itakavyoona inafaa". Basi.

Nikampigia simu. Nikamwambia usisaini Ijumaa. Akanijibu, "Kaka, wewe ulishachelewa, usinicheleweshe na mimi." Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Mimi na wana wawili tulikuwa na kundi pale Mwanjelwa. Tulikwenda kupafomu Iringa, jamaa mmoja akatupenda, akatoa karatasi, tukasaini juu ya boneti ya gari usiku, kila mmoja akapewa laki na nusu. Tulirudi Mbeya tunaimba njia nzima. Ngoma yetu ilipigwa redioni msimu mzima na hatukuona senti nyingine. Tulipotaka kurekodi wenyewe tukaletewa barua kwamba sauti zetu zina mwenyewe. Kundi likafa. Mmoja leo anaendesha bajaji Kabwe, mwingine anauza mchele. Mimi naandika hapa. Kwa hiyo naongea kama mtu aliyechomwa, sijasoma haya kwenye kitabu.

Lakini sitaki kuwa mtu wa kusema lebo zote ni wezi. Huo ni uvivu wa kufikiri. Tumwangalie kijana wetu wa Mbeya, Rayvanny. Alikuwa Tip Top Connection, akaingia WCB Wasafi ya Diamond Platnumz, mwaka 2016 akatoka na "Kwetu", na mwaka 2017 akabeba tuzo ya BET ya msanii chipukizi wa kimataifa inayopigiwa kura na mashabiki. Mwaka 2021 alisimama kwenye jukwaa la tuzo za MTV Ulaya kule Budapest pamoja na Maluma. Mtoto wa Mbeya! Tuwe wakweli, bila lebo yenye mashine kama ile, safari hiyo ingekuwa ndefu sana. Video nzuri inataka hela. Kusukuma ngoma nje ya nchi kunataka hela na watu wanaojuana. Lebo inatoa vitu hivyo, na anayevitoa ana haki ya kupata faida.

Ila mwaka huohuo wa 2021 Rayvanny alianzisha lebo yake, Next Level Music, na Julai 2022 akatangaza kuondoka WCB. Kabla yake Harmonize alishaondoka mwaka 2019, na alisema mwenyewe hadharani kwamba kutoka kwake kulimtaka alipe shilingi milioni 500 na kwamba aliuza nyumba ili kuzipata. Rich Mavoko naye mwaka 2018 alipeleka malalamiko ya mkataba wake BASATA. Watatu hawa ni wakubwa, wana majina, na bado mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba. Sasa dogo wa Isanga, au wa Kihesa pale Iringa, ambaye hata jina hana, atatokea wapi?

Na tumwangalie Diamond mwenyewe. Novemba 2021 yeye na WCB waliingia ubia na Warner Music Afrika Kusini pamoja na kampuni ya Ziiki. Alikiba alishasaini na Sony mwaka 2016. Wakubwa nao wanasaini. Tofauti ni kwamba mkubwa anakwenda mezani na mwanasheria, na meneja, na hesabu za nyimbo zake mkononi. Huku kwetu dogo anakwenda na simu yenye chaji asilimia tano na nauli ya kukopa. Mikataba yote inaitwa mikataba, lakini meza hazifanani.

Kuna jambo moja wasanii wengi hawalielewi, nalo ndilo linalowamaliza: hela ya lebo ni mkopo. Chukua mfano. Lebo imekutengenezea video na matangazo kwa milioni 20. Ngoma ikaingiza milioni 10. Fungu lako la asilimia 30 ni milioni 3. Unadhani utapewa hizo 3? Hapana. Kwenye mikataba mingi ya namna hii, deni la milioni 20 linalipwa kutoka kwenye fungu lako wewe, wakati lebo inachukua milioni 7 zake kama faida. Kwa hesabu hiyo ngoma zako zinatakiwa ziingize karibu milioni 67 ndipo uone shilingi yako ya kwanza. Katikati hapo wakitengeneza video nyingine, deni linapanda tena. Ndiyo maana unaona msanii anapanda gari kali Dar, mama yake huku Uyole bado anapanga chumba. Gari ni la lebo, na limeandikwa kwenye deni.

Jambo la pili ni masta, ile rekodi yenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wimbo unalindwa tangu ulipoutunga. Huhitaji kumwomba mtu. Ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, maana yake ni urithi wa watoto na wajukuu. Ni kama shamba la parachichi. Ukikodisha shamba miaka mitano, linarudi. Ukiuza, limekwenda. Wasanii wetu wengi wanadhani wanakodisha, kumbe karatasi inasema wameuza. Na sheria ya mikataba haina huruma: ukiwa na miaka 18, una akili timamu na umekubali kwa hiari, sahihi yako inakufunga hata kama hukusoma. "Sikujua Kiingereza" haikuokoi.

Nikasema nitafika kwenye siasa. Tumefika.

Mwaka 2021 sheria zetu zilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Swali langu ni hili: kama hakimu anatakiwa kusikiliza kesi kwa Kiswahili, kwa nini mkataba wa Mtanzania na Mtanzania mwenzake kuhusu nyimbo za Kiswahili uandikwe kwa Kiingereza? Nani ananufaika dogo asipoelewa? Hapo serikali haihitaji bajeti wala mfadhili. Inahitaji kanuni ya mstari mmoja tu.

Angalia na upande wa mirabaha. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya muziki, zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wa nchi nzima. Weka pembeni ile milioni 500 ambayo Harmonize alisema alilipa ili awe huru. Yaani bei ya msanii mmoja kutoka kwenye mkataba ilizidi mgao wote wa taifa! Baa za Mafiati zinapiga muziki usiku kucha, mabasi ya Mbeya mpaka Dar yanapiga muziki zaidi ya kilomita 800, redio zinapiga kutwa. Hela hiyo ingekusanywa sawasawa na kumfikia mtunzi, dogo asingekwenda kwenye meza ya lebo akiwa na njaa. Mwenye njaa hawezi kujadili bei. Wakulima wetu wanalijua hili; anayeuza mahindi yakiwa bado shambani hapangi bei yeye.

Na kuna lile la ruhusa ya jukwaa. Mbeya ndiyo iliyompeleka Sugu bungeni mwaka 2010 na kumrudisha 2015. Alikuwa Mr. II kabla hajawa Mheshimiwa, na alishapiga kelele kuhusu wasanii kunyonywa. Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema jukwaani, akatoka Mei. Profesa Jay naye alitoka kwenye maiki akawa mbunge wa Mikumi. Hawa walikuwa na sauti kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameifungia sauti yao kabatini. Leo mkataba ukisema usipande jukwaa bila ruhusa, na mwenye lebo ana biashara zinazotegemea leseni na matangazo ya wakubwa, unadhani atakuruhusu uimbe kuhusu bei ya sembe? Hatakukataza kwa rungu. Atakwambia tu, "Kwa sasa haifai kibiashara." Ndivyo sauti zinavyozimwa bila polisi kuja.

Tusijidanganye kwamba ubaya uko upande mmoja. Chama tawala kimewajaza wasanii kwenye kampeni zake; mwaka 2020 tuliwasikia, na wengine wa tasnia hiyo wakaingia bungeni kwa tiketi yake. Mmoja wao, MwanaFA, mwaka 2023 akawa naibu waziri wa wizara hiyohiyo ya sanaa. Sawa, tumdai kazi, anaujua muziki kutoka ndani. Lakini sisi je? Ni mara ngapi tumemwita msanii wa mtaani kwenye mkutano wetu, akaimba juani saa mbili, tukamlipa soda, fulana na "ahsante kamanda"? Tunapiga kelele kuhusu unyonyaji huku tumeshika kipaza sauti tulichokipata bure. Mimi mwenyewe nimewahi kuandaa mkutano wa namna hiyo. Nakiri, na naona aibu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na naanza na sisi wenyewe. Moja: matawi yetu ya vijana Mbeya na Iringa yaache kuwatumia wasanii bure. Kama hatuna hela tuseme kabla, tuandike makubaliano hata nusu ukurasa, kwa Kiswahili. Mbili: tunao wanachama wanaosoma sheria Chuo Kikuu cha Iringa na Mzumbe tawi la Mbeya. Jumamosi moja kwa mwezi wakae mahali, dogo yeyote mwenye mkataba aje asomewe na kuelezwa kabla hajaenda kwa wakili. Asiulizwe kadi ya chama. Hata kama jioni anaimba kwenye sherehe ya kijani, asomewe. Tatu: ilani yetu ijayo idai mikataba ya wasanii iwe kwa Kiswahili, iwe na ukomo wa miaka, iseme lebo itafanya nini na lini, na iseme bei ya kutoka ijulikane siku ya kuingia.

Na wewe dogo unayesoma hapa huku kalamu iko mkononi, uliza maswali matano tu. Masta ni ya nani mkataba ukiisha? Miaka mingapi, na nani ana haki ya kuongeza? Gharama zinakatwa kutoka fungu la nani, na nitaoneshwa risiti? Nisipotolewa wimbo kwa mwaka mzima, niko huru? Nikitaka kuondoka, ni shilingi ngapi? Lebo ya maana itajibu. Ikikwambia, "Wako vijana wengi kwenye foleni," umeshapata jibu lako.

Wote tuliowahi kupanda basi la Dar tunaijua Kitonga. Dereva mzoefu hafiki pale juu ndipo aanze kutafuta breki. Anazikagua kabla, Ipogolo au Ilula, gari likiwa limesimama. Mkataba ni hivyohivyo. Ukishasaini, umeshaanza kushuka.

Ijumaa ni kesho kutwa. Jana nimemtumia dogo wa Isanga tafsiri ya kurasa zote kumi na moja, nimeandika kwa mkono na kupiga picha, mwandiko wangu mbaya lakini unasomeka. Alama mbili za buluu zimetokea. Hajajibu. Akisaini, bado nitampigia ngoma yake na nitawaambia watu ni mdogo wangu. Lakini nataka asaini akijua, asije kukaa na mimi miaka kumi baadaye pale Mwanjelwa tukihesabiana laki na nusu.

Mapambano yanaendelea.