Gari la mazao likiinuliwa, usukani usisahauliwe

Masika yanapokaribia, gereji nyingi za mikoani hupata kazi inayofanana. Mwenye Land Rover au pikapu ya kubebea mpunga, mahindi au ndizi hulipeleka gari lake liinuliwe ili lipite kwenye tope. Springi za majani huongezewa majani mengine, na springi za koili huwekewa vipande vya kunyanyua au hubadilishwa kwa ndefu zaidi. Jioni gari hutoka limesimama juu kama ngamia, na mwenyewe amefurahi. Wiki inayofuata dereva anaanza kulalamika. Usukani haurudi wenyewe baada ya kona, gari linatangatanga, na likigonga shimo kwenye lami magurudumu ya mbele yanatikisika kwa nguvu hadi usukani unataka kumtoka mikononi.

Hapo ndipo fedha za mazao huanza kupotea. Dawa ya kwanza anayouziwa mwenye gari ni shokapu ya usukani. Gari hutulia kwa muda, kisha mtikisiko hurudi. Shokapu hiyo huficha ugonjwa tu, na kuinunua kabla ya kutafuta chanzo ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kichwa.

Mara nyingi chanzo ni pembe. Anayejua baiskeli ameona kwamba foki ya mbele haikusimama wima. Imelala kidogo kuelekea kwa mpandaji, na hiyo ni moja ya sababu za baiskeli kwenda moja kwa moja hata mikono ikiachiwa. Gari nalo lina mlalo kama huo pale gurudumu la mbele linapogeukia, na mafundi huuita kasta. Katika magari mengi yenye ekseli nzima mbele, mlalo huo ni kama digrii 3 tu. Sasa chukua gari la springi za koili ambalo ekseli yake ya mbele imeshikwa na mikono miwili ya chuma yenye urefu wa sentimita 90. Ukiliinua sentimita 5, mikono hiyo huinama kwa digrii 3 na kidogo, na ekseli huzunguka pamoja nayo. Kasta yote imekwisha.

Wapo wanaoinua nyuma peke yake kwa ajili ya mzigo, wakidhani mbele hakujaguswa. Gari lenye urefu wa mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, likinyanyuliwa nyuma sentimita 10, huinamisha pua kwa karibu digrii 2, na kasta hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana dereva husema gari lina adabu likishiba magunia, lakini likirudi tupu kutoka mjini linakuwa na wazimu. Mzigo ulikuwa unashusha nyuma na kurudisha pembe mahali pake.

Tiba yake si ngumu. Kwa springi za majani, kabari ya chuma huwekwa kati ya springi na ekseli. Ikigeuzwa kinyume huzidisha ubaya. Kwa koili zipo bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni. Fundi asizidishe, kwa sababu kuizungusha ekseli hugeuza pia pua ya difu, na propela shafti itaanza kula krosi zake.

Magari ya koili yana jambo la ziada. Ekseli ya mbele huzuiwa isiende pembeni na fito ndefu iliyofungwa kwenye chesisi. Gari likiinuliwa, fito hiyo huivuta ekseli upande mmoja. Fito hiyo na ile inayotoka kwenye boksi la usukani zinatakiwa zilale sambamba. Fundi akishusha moja na kuiacha nyingine, kila tuta litageuza magurudumu bila dereva kugusa kitu.

Kabla ya kununua chochote, kipimo cha bure kifanyike. Injini iwashwe, breki ya mkono ifungwe na magurudumu yawekewe vizuizi. Mtu mmoja acheze usukani kidogo kushoto na kulia, mwingine atazame kutoka pembeni. Bushi iliyokufa, tai rodi iliyolegea au bolti inayocheza kwenye tundu lake huonekana hapo hapo. Beringi ambazo gurudumu hugeukia nazo zikaguliwe. Fundi makini wa Land Cruiser hupima ugumu wake kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wanunuzi wa mazao. Balansi ya magurudumu nayo isisahaulike.

Hata hivyo, swali ambalo wenye magari wengi hawajiulizi ni kama kuinua kwenyewe kuna faida. Springi huinua chesisi na bodi. Difu hubaki pale pale ilipokuwa, na kwenye barabara yenye mifereji ya matairi ni difu inayoburuza tope. Kinachoinua difu ni tairi, tena nusu tu: tairi lililozidi kimo kwa sentimita 5 huipandisha sentimita 2 na nusu. Kwa mkulima ambaye gari lake hukwama kwa difu, fedha za springi zingenunua matairi ya meno makubwa, zikabaki za mnyororo na koleo. Anayehitaji kweli kuinua, kwa sababu bodi inagonga au springi zimelala, sentimita 5 zinatosha, mbele na nyuma kwa uwiano, na kazi ya kurekebisha pembe iwe ndani ya bei inayokubaliwa na fundi tangu mwanzo.

Gari likitoka gereji lijaribiwe kwanza likiwa tupu, kwa mwendo mdogo na mahali pasipo na watu, ndipo lipelekwe lami. Bolti na nati zote zilizoguswa zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, kabla ya kupakia gunia lolote.