NYUMBA NA SHAMBA: Mzinga Unapohukumiwa Moto

Yuko adui wa nyuki asiyeonekana kwa macho. Ni kijidudu kiozeshacho majana, yaani watoto wa nyuki, na maradhi yake wataalamu huyaita Ugonjwa wa Marekani wa Kuoza Majana. Mtu alaye asali ya mzinga huo hapatwi na ugonjwa. Nyuki ndio waangamiao. Kundi likidhoofu, nyuki wa jirani huja kuiba asali yake na kurudi kwao na maradhi. Ndiyo sababu serikali huingilia kati.

Katika nchi ya New Zealand, mwaka 1906 ilitungwa sheria ya kuwataka wafugaji watumie mizinga yenye fremu zinazotolewa. Sheria hiyo ilitokana na haja ya ukaguzi. Sanduku lililopigiliwa misumari, kama lilivyo gogo letu lining'inialo mtini, halimwonyeshi mkaguzi kitu mpaka masega yakatwe; naye mkaguzi asiyeweza kutazama ndani ni sawa na mlinzi aliyefumbwa macho.

Fremu ikitolewa, dalili huonekana: vifuniko vya majana vimebonyea na kutoboka, na harufu ni mbaya. Hapo huchukuliwa njiti ya kiberiti, ikachovywa ndani ya jana lililokufa na kuvutwa polepole. Ukifuata uzi wa rangi ya kahawia unaonata, shaka imekuwa kubwa.

Kwa kanuni zilizoanza kutumika huko mwaka 1998, mfugaji hutakiwa kutoa taarifa katika muda wa siku 7 na kuuteketeza mzinga. Nyuki huuawa jioni wakisharudi wote, kisha kila kitu huchomwa shimoni na kufukiwa. Ni adhabu chungu kwa mwenye mali. Lakini mbegu za kijidudu hicho huishi katika masega makavu zaidi ya miaka 35, na dawa huficha dalili tu pasipo kuziua. Kwa hiyo kuwapa nyuki dawa hizo kumepigwa marufuku huko.

Bara letu halikusalimika, kwani ugonjwa huu uligunduliwa Afrika Kusini, katika Jimbo la Rasi ya Magharibi, mwaka 2009. Basi mwenye mizinga asiwalishe nyuki wake asali ya dukani, wala asinunue mzinga mkuukuu asiojua ulikotoka.