Mafundi, acheni kufuta komputa za watu

Nyinyi familia mliohama vita na mnaishi katika nyumba za kupanga au kwa jamaa hapa Goma: leo nasema juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linawapotezea watu mali ambayo pesa haiwezi kuirudisha.

Komputa ya nyumbani haioni printa. Au haioni komputa ya pili iliyo katika chumba kilekile. Mwenye nayo anaibeba hadi kwa fundi. Fundi anaiwasha, anaiangalia dakika mbili, kisha anatoa hukumu: "Hii ni virusi. Tuifomati." Mwenye mashini hajui kufomati ni nini, anaitika tu. Jioni anarudishiwa komputa safi kama sahani iliyooshwa. Picha za marehemu hazimo. Buletini za watoto, cheti cha kuzaliwa kilichopigwa picha kabla ya kukimbia, karatasi ya kiwanja kilichoachwa kijijini, vyote vimekwenda. Na bado analipa.

Ninasema wazi: kufomati komputa kwa sababu haioni mtandao wa nyumbani si ufundi. Ni uvivu unaouzwa kwa dola. Mtu aliyekimbia na begi moja, ile komputa ndiyo sanduku lake la karatasi. Nyumba yake inaweza kuwa imechomwa, na ofisi iliyompa cheti inaweza kuwa imefungwa. Nani atampa nakala nyingine?

Tuanze na mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Intaneti ni njia ya kwenda nje, na hiyo inalipiwa mega. Mtandao wa nyumbani ni njia ya ndani: komputa, simu na printa zinaongea kupitia ruta, hata kama mega zimekwisha. Basi mtu akikuambia "nunua mega kwanza ndipo printa ionekane", jua hajui anachosema. Na komputa inaweza kufungua intaneti vizuri kabisa huku haimuoni jirani yake wa ndani. Si lazima iwe virusi. Mara nyingi ni mlango uliofungwa tu.

Mlango huo ni upi? Unapoingia kwenye Waifai mpya, Windows inaweka mtandao huo katika fungu la Public au la Privé. Ukiwa kwenye Public, komputa inajificha, wala haitafuti wengine. Ni ulinzi mzuri kwa hoteli au sehemu ya watu wengi. Lakini familia iliyohama imebadilisha nyumba, imebadilisha ruta, na kila mara komputa inajificha upya. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya mtandao, kubonyeza jina la Waifai yenu na kuchagua Privé. Dakika moja, na hakuna faili hata moja inayopotea. Ila mfanye hivyo kwa Waifai ya nyumba mnayoiamini tu. Na msimruhusu mtu azime ukuta wa ulinzi wote wa komputa eti ndiyo suluhisho. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umekwama.

Sababu ya pili tunaijua sote: umeme. Kura inakatika, inarudi, ruta inawaka upya na inaweza kuipa printa namba mpya. Komputa inaendelea kuitafuta kwa namba ya zamani. Zima vyote, washa ruta kwanza, ngoja dakika mbili, washa printa, halafu komputa. Kama bado, ondoa printa kwenye orodha na uiongeze tena.

Sababu ya tatu: vyombo haviko katika nyumba moja. Komputa imeshika Waifai ya simu ya kijana, printa imeshika ruta. Kwa macho yetu viko meza moja, kwa mtandao viko mitaa miwili tofauti. Tena kuna ruta zenye Waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida inazuia vyombo visionane. Soma jina la Waifai pande zote mbili kabla ya kumtafuta mchawi.

Fundi wa kweli anaandika ipconfig katika dirisha jeusi la amri, anasoma mstari wa Adresse IPv4. Ikianza na 169.254, maana yake komputa haikupewa namba na ruta: angalia kebo, Waifai au ruta yenyewe. Ikianza kwa mfano na 192.168, namba ipo, basi aijaribu mashini nyingine kwa kuandika \\ na namba yake katika kisanduku cha juu cha dirisha la mafaili. Ikifunguka, mtandao ni mzima, ni majina tu yasiyoonekana. Kazi hiyo haifiki robo saa.

Wako watakaonijibu: "Lakini tukifomati, inapona." Ndiyo, mara nyingine inapona, sababu mipangilio yote imerudi mwanzo na mtu akaijibu upya. Ungeweza kujibu swali lilelile bila kuchoma nyumba. Na mara nyingine haiponi kabisa. Tangu mwaka 2017 Microsoft iliacha kuweka katika Windows 10 mpya ile lugha ya zamani ya kugawana mafaili, SMB1, yenye udhaifu uliotumiwa na WannaCry mwezi wa 5 mwaka uleule. Komputa za Windows XP na baadhi ya vyombo vya zamani vinajua lugha hiyo tu. Hapo ukifomati mara kumi, utapata Windows mpya ileile isiyoisema.

Wengine watasema mteja hataki kulipa kama haoni kazi kubwa. Hapo lawama ni yetu sote. Tunamlipa fundi aliyeshinda na mashini siku nzima, na tunamnung'unikia aliyeiponya kwa dakika kumi. Tulipe akili, tusilipe saa. Hamtapata mafundi waangalifu kama mnawapa pesa wale wanaofuta tu.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Mafundi, na nyinyi wenye sekretariati za kuchapa barua na kutoa kopi: msifomati kabla ya kumwambia mwenye mashini kwa lugha anayoielewa kwamba vitu vyake vyote vitafutwa. Nakilini mafaili yake kwanza kwenye diski nyingine, ayaone kwa macho yake. Na akikataa, mrudishieni mashini yake jinsi ilivyo.

Na nyinyi mama na papa, vijana na wanafunzi: mkisikia neno "fomati", simameni. Ulizeni: "Umeangalia Privé? Umewasha ruta upya? Namba yake ni ngapi?" Fundi asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, chukueni komputa yenu mwende kwa mwingine. Na usiku wa leo, kama kuna kura, wekeni nakala ya vyeti vyenu kwenye fleshi, muifiche mbali na komputa. Vita imetuchukulia mengi. Tusikubali yaliyobaki yafutwe kwa kidole kimoja, mezani, mchana kweupe, na sisi wenyewe tukitoa pesa.