Mzani Haupimi Kila Kitu

Kila siku ya kliniki ya watoto tunawapima wadogo wenu uzito, tunaweka alama kwenye kadi na kutoa chanjo, basi. Mtoto akianza kubwabwaja benchini, tunamwambia mama amnyamazishe. Hilo ni kosa letu sisi wauguzi, na tumelifanya miaka mingi.

Mtoto yule alikuwa kazini. Katika miaka 2 ya kwanza ubongo hukua kwa kasi isiyorudi tena maishani, nao huhitaji chakula pamoja na mazungumzo. Uji wa lishe peke yake hautoshi.

Mjini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, wataalamu waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa maziwa. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka 2, mama akifundishwa kucheza na mwanawe kwa vitu vya kujitengenezea. Wapo waliopata yote mawili, na wapo ambao hawakupata lolote. Walipofika umri wa miaka 22 hivi, wale waliochezeshwa walikuwa na kipato kikubwa kwa karibu robo kuliko wasiochezeshwa. Maziwa peke yake hayakuleta tofauti hiyo.

Hapa Tanzania, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Serikali ilizindua programu ya malezi mwezi Desemba 2021, nasi tunaipongeza, lakini programu haimpakati mtoto jioni.

Tunawasikia akina baba wakisema kuongea na mtoto asiyejibu ni kazi ya bibi. Hapana, baba. Anakujibu kwa macho na miguu, mtazame vizuri. Mama anayemenya mihogo naye amweleze anachofanya, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, yote sawa. Chupa tupu yenye punje chache za mahindi, ikifungwa barabara, ni manyanga tosha.

Na mtoto wa miezi 18 asiyetamka neno hata moja, mleteni, hata kama uzito wake ni mzuri. Msisubiri siku ya kliniki. Tutaanza kwa kumchunguza masikio.