Idsowe: Kabla ya bei, tuambieni lori linakuja lini

Kila tukikaa sisi waandishi wa programu kuzungumzia kilimo, wazo huwa lile lile: mpe mkulima bei ya sokoni kwenye simu yake, na dalali atatimua mbio. Mimi nasema hapana. Angalau si kwa Idsowe, pale karibu na Garsen, kwenye delta ya Mto Tana.

Wazo lenyewe si baya. Kule Kerala, India, simu za mkononi ziliwafikia wavuvi kati ya 1997 na 2001. Utafiti wa Robert Jensen, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba tatizo la samaki kumwagwa kwa kukosa mnunuzi lilikwisha. Lakini mvuvi yule alikuwa na mashua. Akisikia bei nzuri pwani ya pili, anageuza usukani. Je, mkulima wa Idsowe ageuze usukani upi? Kujua bei ya maembe Kongowea, Mombasa, zaidi ya kilomita 200, huku huna lori, ni kunusa pilau ya jirani.

Twiga Foods ilianza 2014 kwa kuuza ndizi. Haikuishia kwenye programu; ililazimika kushughulika na maghala na malori. Mzigo huo si mwepesi: 2023 ilipunguza wafanyakazi. Hapo ndipo penye gharama, kwenye magurudumu.

Basi tuanze na lori. Mkulima mwenye simu yake ya mulika mwizi atume meseji fupi: maembe, kreti sita, Alhamisi. Kreti sita hazimwiti mwenye lori, lakini za wakulima thelathini zinamwita, tena bei inajadiliwa kwa pamoja. Malipo yapite M-Pesa, ambayo tumeizoea tangu 2007. Hakuna haja ya intaneti wala simu ya bei ghali.

Jambo la pili ni maji. Tana ilifurika 2018, ikafurika tena mwishoni mwa 2023 na 2024. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, likijaa na kumwaga, maji huchukua siku kadhaa kufika delta. Siku hizo ni mali! Ndizi zilizokomaa zinaweza kukatwa mapema, na dereva akajua kama kuna njia kabla hajawasha injini. KenGen hutoa tahadhari bwawa linapofurika. Kazi yetu ni kuipeleka tahadhari hiyo kwa namba zile zile zilizotuma kreti sita, kwa Kiswahili chepesi.

Swali gumu ni hili: orodha hiyo itakaa kwa nani? Ikikaa kwa dalali, tumemnolea kisu. Atajua nani ana mzigo mwingi unaokaribia kuoza, na bei atapanga yeye. Ikae kwa kikundi cha wakulima wenyewe, na kila mwanachama aweze kuiona. Kuandika programu yenyewe ni kazi ya wiki chache tu. Kuamua nani ashike ufunguo wake ndiyo kazi hasa, na hiyo haihitaji kompyuta.